Shavu la Marehemu Dalali

Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu asubuhi. Wateja hakuna. Vioo viwili, viti viwili, na sisi wanne tumejibanza humu ndani ya duka la kinyozi kama nguo zinazongoja kupigwa pasi. Hali ikiwa hivyo lazima Dalali afufuliwe.

Dalali wa nyumba aliuawa mwaka jana, mwezi wa kumi, ofisini kwake, jengo la pili kutoka hapa. Alipigwa kichwani na kitu kizito. Kitu chenyewe hakijaonekana, muuaji hajaonekana, wenye maoni wameonekana kila kona. Alikutwa amelala chali sakafuni, taulo shingoni, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina ndevu na povu. Maana marehemu alikuwa na maringo yake. Hakukubali kukaa kwenye kiti cha kinyozi kama binadamu wengine, kinyozi aende kwake. Leo anamwita huyu, kesho yule. Kwa hiyo yupo kinyozi mtaa huu aliyeanza kazi asiimalize. Polisi walituhoji vinyozi wote, wakatuachia wote.

Na aliyemwona wa kwanza baada ya mkewe? Mimi hapa. Nilisikia mama wa watu anapiga kelele, nikafika mlangoni, nikaona, nikakimbia kuita watu. Nikarudi nao, Bosi wangu akiwemo, nikakuta mjane keshachukua wembe kamalizia upande uliobaki. Uso mzima safi! Alisema hakutaka mumewe awe kichekesho mbele za watu. Polisi walitaka kulia. Siku hizi yuko kwao, mbali, na anasema hakumbuki kitu isipokuwa harufu ya sabuni.

Basi leo Mwalimu Mstaafu akaanza na yake ya kila siku: ni mke. Mtu gani anamnyoa maiti kabla ya kulia? Fundi Viatu, anayeshonea mlangoni petu, akasema mpangaji. Chumba kimoja Dalali alikuwa anakipangisha kwa familia tatu. Mwalimu akamuuliza mpangaji yupi. Fundi akasema yeyote. Yaani mji mzima. Upelelezi huo! Bosi akasema mwizi tu, tuache.

Hapo nikasimama. Wananiita Profesa kwa dhihaka kwa sababu niliacha shule kidato cha pili, lakini leo wamekoma. Nikawaambia: nyinyi mnatafuta sababu, mimi natafuta mkono. Anayetumia mkono wa kulia husimama kulia kwa mteja na kuanza shavu la kulia. Mwenye mkono wa kushoto huanza la kushoto. Hata Bosi alitikisa kichwa kukubali. Nami niliiona maiti kabla haijamaliziwa. Shavu safi lilikuwa la kushoto.

Mvua tu. Nikangoja wanipigie makofi.

Fundi Viatu akashusha kiatu cha watu. "Profesa," akasema, "kinyozi wa mkono wa kushoto mtaa huu si yuko mmoja? Si shemeji yako?"

Jumatano, 5 Machi

Nimekuwa mtu mkubwa. Tangu asubuhi watu wanaingia, hata wenye vipara. Kila mmoja anataka nimwonyeshe. Namkalisha, nasimama kulia, nasimama kushoto, nazungusha wembe hewani. Mara ya tano nikaongeza kwamba povu lilikuwa bado la moto. Sikuligusa, ila hadithi inapendeza.

Jina la Shemeji silitaji. Nasema "kinyozi fulani". Wao ndio wanalitaja.

Na Shemeji mwenyewe, tuseme ukweli, si mtu wa kuua. Ni mtu wa kupiga kelele. Ndiye aliyenifundisha kushika wembe, na kila nilipomkata mteja alinifokea mpaka mteja ananihurumia mimi. Ndiyo maana nikahamia kwa Bosi. Kwa hiyo kunyamaza akitajwa kulikuwa na utamu kidogo. Kidogo tu.

Jioni Bosi akaniita Profesa bila kucheka. Viti vyote vimejaa na benchi limejaa. Sijawahi kuona.

Ijumaa, 7 Machi

Dada yangu amekuja. Amesimama katikati ya duka, wateja wana mapovu usoni. Dada huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Akiniita jina langu kamili najua nimekwisha. Leo hakuniita jina kabisa.

Akauliza, eti ni mimi, mwanaume mzima, niliyempa shemeji yangu kesi ya kuua? Nikasema mimi nilizungumzia mashavu tu, dada. Akasema basi nenda ukayazungumzie kule dukani kwake, mlangoni pameandikwa MUUAJI kwa mkaa. Mteja mmoja aliyekuwa tayari kwenye kiti ameondoka na taulo shingoni. Majirani wamewakataza watoto wao kucheza na mwanawe. Shemeji hafoki tena. Amekaa tu anatazama mikono yake.

"Asipofoka huyo, mdogo wangu," Dada akasema, "ujue nyumba imeungua."

Akaondoka. Bosi akasema wanawake wana machungu, tuendelee. Nikaendelea, nikamkata mtu wa benki sikioni.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwao kuomba radhi, macho makavu. Shemeji alikuwa ndani, amejilaza, hakutoka kunisalimu. Mlango wa duka lake wameusugua lakini maandishi bado yanasomeka kwa mbali. Dada anapiga deki, akanielekeza kwa kidole: mtengeneze mpwa wako, amejipaka dawa ya meno, mfute shavu la kushoto.

Mpwa wangu akasimama mbele yangu na kitambaa. Nikamfuta, macho yangu yakiwa kwenye mlango wa chumba cha Shemeji. Akaanza kucheka. Dada akainua kichwa, akasema, la kushoto, wewe. Nikasema ndilo hili. Akasema hilo ni la kulia, la kushoto lake liko upande ule, umezaliwa juzi?

Nikatazama. Dawa ya meno ipo palepale, nyeupe, kwenye shavu jingine.

Nikamwambia Dada kwamba sisi tunawatazama watu kwenye kioo. Nasimama nyuma ya mteja, wote tunatazama mbele, kushoto kwangu ni kushoto kwake. Siku nzima, mwaka mzima. Nikikutana na uso wenyewe ana kwa ana nausoma vilevile. Dada akasema basi jifunze. Akarudi kwenye ndoo yake.

Mimi nilibaki nimechuchumaa, kitambaa mkononi. Dalali alikuwa amelala chali, miguu yake mlangoni, uso umenielekea. Hapakuwa na kioo. Shavu safi lilikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto.

La kulia. Lilikuwa la kulia! Aliyemnyoa anatumia mkono wa kulia kama vinyozi wote wa mtaa huu, mimi nikiwemo. Isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja ndiye niliyemtwika kesi.

Nikamwambia Dada. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akasema, "Ulivyokitangaza kile, kitangaze na hiki."

Jumatatu, 10 Machi

Nimekitangaza. Hakuna anayekitaka.

Nilimsimamisha Fundi Viatu mbele yangu, nikampaka povu shavu la kulia, nikawaeleza. Mwalimu Mstaafu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ushahidi haubadilishwi kama shati. Wiki iliyopita kushoto, wiki hii kulia, Jumatatu ijayo utasema kidevu. Akasema pia inaonekana Dada ameniosha kichwa. Watu wakafa kwa kicheko. Fundi, povu bado limemkaukia, akasema yeye ameshawaambia wateja wake wote kushoto, na viatu vingine vimeshachukuliwa, atawafuata wapi?

Mteja mmoja akaomba nimwonyeshe ile ya zamani. Ya kushoto. Eti ndiyo nzuri.

Bosi alikuwa ananoa wembe. Akasema, kijana, jambo likishatulia liache litulie. Nikamwambia halijatulia, limemkalia shemeji yangu. Akasema shemeji yako ana mdomo, ajitetee.

Nimejiona mjinga leo kwa mara ya kwanza tangu kidato cha pili. Kule angalau nilikuwa na wenzangu.

Jumanne, 11 Machi

Polisi wamemchukua Shemeji. Saa za asubuhi, mbele ya mtoto. Hakufoka.

Dada amekuja kuniambia mlangoni na kuondoka bila kuingia.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye benchi la kituo cha polisi, daftari juu ya goti. Nimekuja mwenyewe. Yaani nilitaka kuja mwenyewe, ila Bosi alifunga duka akasema atanisindikiza. Amefunga duka siku ya wateja tele. Nikaona huruma hiyo ni kubwa, nikashukuru.

Dada yuko upande wa pili wa chumba, amempakata mtoto. Shemeji yuko ndani ya mlango ule. Nilimwona kidogo walipoufungua. Ndevu zimeanza kumwota. Kinyozi mwenye ndevu, hata kucheka sikuweza.

Askari wa mapokezi amesema mpelelezi ananingoja. Anataka kusikia kwa mdomo wangu ni shavu lipi, maana kesi yote imeegemea hapo. Mimi ndiye shahidi. Nilikuwa nautamani sana miezi yote hii huo ushahidi.

Nikamwambia Bosi, taratibu, kwamba nikiingia nitasema la kulia. Nitachekwa, na wachekao wacheke. Akatazama ukuta. Akasema ataonekana mtu mzima hovyo kwa kuniajiri. Akasema wataniuliza kwa nini nilidanganya, wataniweka mimi mahali pa Shemeji, nina hakika gani na macho yangu? Nikasema nina hakika. Upande wa mkono wangu wa kushoto, uso umenielekea, basi ni la kulia, Bosi, hata mtoto wa Dada anajua.

Akanigeukia. "Najua ni la kulia," akasema. "Nilijua tangu mwanzo. Sasa nyamaza."

Kisha akasema koo limemkauka, akatoka kununua maji.

Nimekaa. Nimejaribu kulipanga. Yeye alifika ofisini pamoja na mimi na umati, mjane keshamaliza kunyoa. Uso ulikuwa safi pande zote. Hakuna shavu la kuona. Basi alijuaje?

Labda kwa maneno yangu. Ni kinyozi wa siku nyingi, ameona vijana wengi wakidanganywa na kioo. Aliponisikia Jumanne ile akajua papo hapo nimegeuza, akatikisa kichwa kukubali, akaniacha niropoke, viti vyake vijae wateja wa Shemeji. Uchoyo huo. Mchafu, lakini uchoyo tu. Naomba iwe hiyo. Mungu anisamehe, naomba iwe hiyo.

Maana nyingine iliyobaki ni moja, na kalamu inakataa kuiandika nikiwa hapa kwenye benchi tulilokaa pamoja.

Nimejaribu kukumbuka alikuwa wapi mchana ule nilipokimbia kuita watu. Namkumbuka mlangoni kwetu. Namkumbuka anafuta mikono. Vinyozi wote tunafuta mikono siku nzima, si kitu hicho. Sikumbuki alitokea ndani au nje.

Dada ananitazama. Amenionyesha mlango kwa macho, kwamba niingie, nangoja nini.

Askari ameufungua. Ameuliza kwa sauti shahidi wa ndevu ni nani.

Bosi huyo anarudi, chupa mbili mkononi, yangu ameshaifungua kifuniko. Amekaa karibu kuliko mwanzo. Askari ameshika mlango. Bosi amenishika shati begani, taratibu, kama anavyomtuliza mteja asisogee, anasema kunywa kwanza.