Ng'ombe wa Kabula Wamekuwa Gari

Jumatatu, 3 Julai 1995

Gari limeanza tena. Kong, kong, kong, tangu barabarani hadi hapa uani. Taa nyekundu ya oili nayo inawaka. Baba Kabula kashuka, kapapasa boneti utadhani ndama mgonjwa. Tangu ushirika umpunguze kazini na watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, anaota kuwa tajiri wa kusomba mizigo. Ng'ombe wote wa mahari ya binti yetu aliwaswaga mnadani, akarudi na pikapu hii kuukuu. Sikuulizwa.

Jumatano, 5 Julai

Kabula kaja kutoka Lalago alikoolewa. Jicho limevimba, jino la mbele halipo. Kazi ya mumewe huyo. Anasema harudi.

Baba yake alikuwa chini ya gari. Alichomoza kichwa, akamtazama, akasema lazima arudi. Mke akiondoka, ng'ombe hurudi kwa mume, na yeye ng'ombe hana tena. Kisha akaingia tena chini, kusikiliza injini. Namchukia. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 6 Julai

Fundi kasema pampu ya oili imechoka, gari lisitembezwe safari ndefu. Lakini kuna mfanyabiashara wa Maswa anatafuta pikapu, hata mbovu, mradi injini iwake. Nimemwambia Baba Kabula auze, tununue ng'ombe, tumrudishie mkwe, mtoto apone. Nimemwandama kutwa. Jioni kakubali. Mnunuzi atakuja Jumapili.

Kabula kacheka, mkono mdomoni.

Jumamosi, 8 Julai

Mjinga huyu! Asubuhi kachomoa balbu ya ile taa, eti mnunuzi asiione. Halafu tamaa ikampanda: mzigo mmoja wa mwisho wa pamba hadi kiwandani Maswa. Mimi niko shuleni, nafundisha masomo ya ziada ya Jumamosi, sina habari. Taa haipo, oili haipandi, yeye anakanyaga tu. Mlio ulipozidi, akaongeza sauti ya redio. Kasimulia mwenyewe, bila aibu.

Injini imekufa. Gari limerudi likivutwa na maksai wa watu. Watoto nyuma, wanaimba.

Jumapili, 9 Julai

Mnunuzi kafunua boneti, kasonya, kaondoka. Hata chai hakunywa. Kabula alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

Jumanne, 11 Julai

Mkwe kaja. Mke wangu au ng'ombe wangu, kasema, kwa adabu kabisa. Baba Kabula alikuwa amekaa kwenye usukani. Hakushuka. Akajibu kupitia dirisha: mchukue.

Nimechinja kuku. Mkwe hanyimwi kuku, hata kama unatamani kumtilia sumu. Kabula ndiye aliyemnawisha mikono.

Jumatano, 12 Julai

Wameondoka alfajiri. Mwangaluka, mayu, kaniambia Kabula, salamu yetu ya asubuhi kwa mama, kama siku zote. Nimempa khanga yangu mpya. Alitembea nyuma ya mumewe, hakugeuka.

Nimefundisha hesabu darasa la nne. Nimerudi, nimepika maharage. Baba Kabula kala, kaniuliza kama fundi amepita. Nimemwambia bado.