Jembe la Uingereza

Asumini, uko wapi? Soma hii, mimi nimeshindwa hata kupika.

Si unalijua lile jembe la Uingereza la baba mkwe wangu, Mzee Machibya? Alilinunua soko huria lilipoingia, maduka yakajaa vitu vya nje. Wajukuu hawaruhusiwi hata kuligusa.

Leo kalipeleka kwa Nkwabi mhunzi, nyuma ya stendi, abadilishiwe mpini. Mimi nimemsindikiza. Kafika tu, kaanza kuhubiri mbele ya wateja: "Nyie wa hapa mnafua makopo. Chuma ni cha Mwingereza."

Nkwabi kaligeuza jembe. Halafu kasoma chapa kwa sauti: MEDI IN INGLAND.

MEDI, Asumini. Na INGLAND yenye I.

"Baba," kasema kwa upole, "hili nililifua mimi, kwa springi ya lori. Yale niliyoyagonga chapa ya BARIADI, mji wetu huu, yalikuwa hayanunuliwi."

Mimi kanga mdomoni, nitachekaje mbele ya mkwe.

Mzee kalipapasa jembe lake weee, mwisho kasema: "Nifulie lingine, ng'wanawane, mwanangu. Ila safari hii andika Bariadi. Hiyo angalau utapatia herufi."