Magoti na Baba Mkwe

Alhamisi usiku

Na yote haya kwa sababu ya salamu.

Mwezi mzima kocha ametufundisha kutuliza akili: mbio zikianza usimwone mtu, usimsikie mtu, uone utepe wa mwisho tu. Tumefumba macho uwanjani mpaka wauza karanga wakadhani tunasali. Nilijiandaa kwa kila kitu, hata ng'ombe kukatiza barabara.

Kwa baba mkwe sikujiandaa.

Leo asubuhi sisi wanawake tulikuwa tunajipima mbio barabara ya Ngulyati, nami naongoza. Nikamwona mzee amesimama pembeni na baiskeli yake. Akili ilikuwa imetulia kabisa, ila magoti hayakuhudhuria mafunzo. Yakapiga chini yenyewe.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka mhola, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Hawajambo. Akauliza mvua, nikajibu. Alipofika kwenye swali la pamba, wenzangu wote walikuwa wameshanipita.

Kocha akauliza akili yangu ilikuwa wapi. Yeye si wa huku, ningemwelezaje kwamba mkwe hapitwi hivi hivi kama nguzo ya umeme?

Jumamosi wanachagua timu ya mkoa. Baba mkwe amefurahishwa na heshima yangu, anasema atakuja kunishangilia. Naogopa kweli.

Sasa hivi nimefumba macho, nimefanya zoezi. Nimekimbia vizuri, niko mbele peke yangu, utepe ule pale. Na nyuma ya utepe baba mkwe, anatabasamu.

Nimepiga magoti hatua moja kabla ya kuufikia.