Asiguswe Mlinzi

Jumatatu, 10 Machi
Nimewasha kompyuta, nimesoma baridi ya chumba cha pweza, nimefuta vumbi. Kama jana. Mashine ni hii moja, yenye betri yake, kiwanda kizima kinaitegemea. Humo mna hesabu za Bi Siwatu, karani wa mizani, barua na taarabu za Bwana Mkumba, meneja wetu, na programu ninayoiita Mlinzi. Mlinzi ndiye anayepima baridi na kuwasha jenereta umeme ukikatika. Na hapa Masoko umeme hukatika ukijisikia. Wiki ijayo bamvua, maji yatakupwa mbali. Wanawake wote watashuka miambani kuchokoa pweza, mama yangu akiwa wa kwanza.

Jumatano, 12 Machi
Balaa. Umeme umekatika mchana, jenereta haikuwaka. Tumejua maji ya barafu yalipoanza kutoka chini ya mlango wa chumba cha pweza. Nimetazama kompyuta: Mlinzi hayupo. Hakuna aliyemfunga. Pweza wa jana wametupwa wote, kunguru wamefanya karamu. Bwana Mkumba kanisema mbele za watu: mwekezaji kachoka, yakitokea tena anafunga kiwanda. Cha korosho kilishafungwa. Na hiki kikifungwa, mama atamuuzia nani? Naogopa.

Alhamisi, 13 Machi
Nimempigia simu mwalimu wangu wa kompyuta, yuko Dar. Kacheka kwanza, ndipo akaeleza. Kumbukumbu ya mashine ikijaa, mashine yenyewe huua programu moja ili nyingine zipone. Huchagua iliyonenepa. Mlinzi hazimwi usiku wala mchana, anajilimbikizia vipimo vyake, basi ndiye mnene. Dawa ipo: unaweka alama kwamba huyu asiguswe. Nimeweka. Nimeomba na kumbukumbu ya kuongeza. Tutaona, kasema meneja. Maana yake hapana.

Ijumaa, 14 Machi
Siri haikukaa hata siku moja. Bwana Mkumba anataka barua zake nazo zisiguswe. Taarabu pia. Sawa, ndiye bosi. Kisha Bi Siwatu. Huyu alinilea mama alipokuwa mgonjwa. Shikamoo yangu ya kwanza huenda nilimpa yeye. Kaniuliza hesabu zake zimekosa nini hata ziachwe zife. Ningemjibu nini? Nimeziwekea alama. Sasa humo ndani kila mtu ni mheshimiwa. Sipendi, lakini nimeshafanya.

Jumanne, 18 Machi
Bamvua. Ndoo za pweza mpaka barabarani. Bi Siwatu anaingiza uzito wa kila ndoo bila kupumua, meneja kafungua kila kitu chake. Kumbukumbu ikajaa. Mashine ikatafuta wa kumuua, haikumpata, ikaganda yote. Mlinzi naye kaganda humo humo. Halafu umeme ukaenda.

Nimekimbilia jenereta, nimezungusha kwa mkono mpaka kiganja kikachubuka. Haikushika. Fundi kaja jua limezama. Pweza wote wameharibika, wa mama pia. Alikuwa amesimama pale na ndoo tupu. Nimejifungia chooni nikalia. Kosa ni langu. Nilishindwa kusema hapana.

Jumatano, 19 Machi
Meneja kamwomba mwekezaji bamvua moja zaidi. Moja tu. Sijawahi kumwona akibembeleza.

Nimeondoa alama zote, nimemwachia Mlinzi peke yake. Meneja hakubisha, hana nguvu ya kubisha. Kisha nimekwenda nyumbani kwa Bi Siwatu, maana sikutaka ayakute kazini. Nimempa shikamoo, nikamwambia, "Mashine ikijaa, hesabu zako zitakufa. Sitazikinga tena."

"Marahaba," kasema. Halafu: "Hivyo ndivyo nilivyokulea?"

Nimerudi nikitembea kama mgonjwa.

Jumanne, 25 Machi
Silali. Nikilala naota maji mlangoni. Bi Siwatu anapita mezani kwangu kama anapita ukutani.

Alhamisi, 3 Aprili
Bamvua. Ndoo nyingi kuliko mara ile. Taarabu imekufa asubuhi, hesabu zimekufa baada ya adhuhuri. Bi Siwatu kakitazama kioo kitupu, kavuta karatasi na kalamu, kaanza upya kwa mkono. Umeme umekatika alasiri. Jenereta imewaka yenyewe.

Pweza wa mama wamepokelewa. Meneja kanishika bega, akaenda zake.

Wakati wa kufunga nimempa Bi Siwatu shikamoo. Kaitikia marahaba. Habari za nyumbani, ambazo zamani aliniuliza kila siku, hakuuliza.