Kufuli la Kopo la Dawa

Jumatatu, 3 Machi
Seva imeanguka tena. Mimi ndiye mlezi wa kerneli—moyo wa mfumo—upande wa mtandao, kwa hiyo ikianguka macho yote kwangu. Mkuu wa kitengo kanisimamia mezani, mikono kiunoni. Mteja akivunja mkataba, eti itabidi “tutafute” kazi nyingine. Hiyo “tu” ni heshima tu, najua ni nani atakayeitafuta.

Nashuku nyuzi mbili za programu, yaani kazi mbili zinazokwenda sambamba, zinafunga muunganisho mmoja kwa pamoja. Kila uzi unachungulia: umeshafungwa? Bado. Basi zote zinafunga, na wa pili unafunga kitu ambacho hakipo tena. Puu, chali!

Jumanne, 4 Machi
Nimeongeza kwenye programu mstari mmoja wa kuchapisha ujumbe, nione uzi upi unaingia kwanza. Kasoro ikatoweka! Mstari unauchelewesha uzi mmoja kidogo, hazigongani tena. Nikiutoa, seva chini. Mkuu kafurahi: uache hapohapo, twende zetu. Nikamwambia huko ni kumficha mgonjwa, si kumtibu. Akauliza, kwani mgonjwa analalamika? Loo.

Jumatano, 5 Machi
Mama kaanguka bafuni. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, ila presha ilishuka mno. Nesi hospitalini kauliza nani humpa dawa ya presha. “Mimi,” nikasema. “Mimi,” akasema mdogo wangu palepale. Tukatazamana.

Mama siku hizi anasahau. Mimi namuuliza kabla ya kwenda kazini: umemeza? Bado. Nampa. Mdogo wangu ni kinyozi, kiti chake kiko barazani kwetu, anaamka nimeshaondoka. Naye anauliza. Bado. Naye anampa. Nesi kasema siku nyingine huenda asiamke.

Na mimi ndiye mtaalamu! Nalipwa mshahara kukamata jambo hilihili. Nimelia kwenye choo cha hospitali, bomba nimelifungua wasinisikie.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya makufuli. Kazini: uzi unaotaka kufunga muunganisho ushike kufuli kwanza, mwenzake ungoje. Nyumbani: kopo la bati, kufuli, ufunguo mmoja, mkobani mwangu. Mdogo wangu kanuna. “Dada, kwani mimi mwizi?” Akaenda kununua kufuli la mlango wa nje, eti mama akibaki peke yake asije akatoka akapotea. Ufunguo kautia mfukoni mwake. Haya, kila mtu na cheo chake.

Jumatatu, 10 Machi
Seva haianguki tena. Imeganda.

Kumbe humo mlikuwa na kufuli jingine la zamani. Uzi wa kwanza umeshika kufuli moja, unangoja la pili. Wa pili umeshika la pili, unangoja la kwanza. Hakuna mwenye kosa, hakuna anayesogea. Mkuu kasema angalau haijaanguka. Kwa hesabu zake hayo ni maendeleo.

Mama mzima. Kaniuliza kwa nini dawa zake zimefungwa jela.

Jumanne, 11 Machi
Naandika barazani, kwenye kiti cha kunyolea. Mkuu kaniita alfajiri, nikakurupuka na ufunguo wa kopo mkobani, dawa sijampa. Nimekumbuka katikati ya mkutano—naeleza kuwa makufuli yashikwe kwa utaratibu mmoja! Nikatoka mbio. Mkuu kaniita, sikugeuka. Huenda nimeshaacha kazi, atanijulisha.

Nafika, mlango umefungwa. Nampigia mdogo wangu. Simu inalia—ndani. Kisha mlinzi wa ofisini kanipigia: kuna kinyozi hapa, na aproni yake, kaja kuchukua ufunguo wa dawa, kagoma kuondoka mpaka dada yake ashuke. Nikamwambia: mwambie nipo nyumbani, arudi mbio! Mlinzi kasema kinyozi haamini, anadhani namkwepa. Nimemsihi amsukume hata kwa nguvu.

Mama kaja kwenye dirisha la barazani, nondo katikati yetu, anatabasamu. Eti tusigombane kwa ajili yake. Alijiwekea akiba chini ya mto, tangu kabla ya jela. Akafunua kiganja: kidonge kimoja. Nikapenyeza mkono, nikakinyakua.

“Mama, vilikuwa vingapi?”

“Kwani wewe hujui, mwanangu?”

Nimempigia nesi. Kasema msimpe kitu, mtazameni, akilegea mleteni. Tumlete vipi! Jirani kakimbia kutafuta nyundo ya kuvunjia kufuli. Kufuli zuri, mdogo wangu hakununua la ovyo. Mkono mmoja nimemshika mama kwenye nondo, mwingine naandika, nisipige mayowe. Mkono wake una ubaridi. Nimemuuliza kama anasikia kizunguzungu.

Anasema bado.