Kasoki Ni Wawili

Laeken, Brisele, Ubelgiji
14 Mei 2017

Mpendwa ndugu yangu Jean-Marie,

Pokea salamu za mtu mkubwa. Tangu mwezi uliopita mimi ndiye fundi wa ordinatere, hizi kompyuta, katika nyumba hii. Hata wazungu wa Schuman, kwenye ofisi kuu za Ulaya, wananipigia simu kuomba shauri.

Bon, ni uongo. Kazi yangu ni kuchomeka waya ukutani, na juzi nilichomoa ule wa friji, tukalazimika kula samaki wote siku moja.

Mgongo wako unaendeleaje? Na yale meno yaliyobaki, bado yanaonana? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo sasa yanatangaza mvua kabla ya redio. Hapa mvua ni kila siku, donc hayana kazi ngumu.

Habari yenyewe ni hii. Mjukuu wangu Mignonne anataka kuolewa na Anaclet, kijana wa Butembo kama sisi, anayetunza wazee hapa mjini. Unajua kazi ya Mignonne: ofisini wanampa orodha ndefu za namba, yeye anazigeuza kuwa picha. Kutwa nzima anachora maduara, na mshahara wanamlipa! Basi kwa siku ya kujulishana, akatia majina ya ukoo wetu na ya akina Anaclet katika programu yake, kila mtu duara, kila ndoa mstari.

Wiki ile ile programu ikaleta toleo jipya. Alinieleza kwa furaha kama aliyejifungua. Sasa maduara yanasogea yenyewe yasigongane. Ukipeleka mshale juu ya mtu, jina lake linachomoza. Rangi zimebadilishwa ili wasiotofautisha nyekundu na kijani nao waone. Halafu majina yanayofanana, mashini inayaunganisha yenyewe, eti kusafisha orodha.

Alors, wewe unatujua sisi Wanande. Hatuchagui majina, mtoto anazaliwa akikuta jina la nafasi yake ya kuzaliwa linamngoja mlangoni. Nyumba gani kwetu haina Kasoki?

Jumapili iliyopita picha ikawashwa ukutani mbele ya jamaa wote. Katikati duara moja, kubwa kama sinia: Kasoki. Dada yetu, sista wa watu, aliyekufa na rozari mkononi, amepewa mume fundi cherehani na watoto saba, na mmoja wao ndiye baba ya Anaclet! Kumbe mashini imemchanganya na bibi mzaa baba wa Anaclet, Kasoki wao, aliyekufa kabla hata Maman Régine hajaolewa katika ukoo ule.

Huyo Maman Régine, mama ya Anaclet, akasimama.

"Hawa ni ndugu. Mutoto wangu hataoa ndugu yake. Murudishe kuku jikoni."

"Maman, ni mashini imekosea," Mignonne akasema, na palepale akawatenganisha, Kasoki huku, Kasoki kule.

"Ah bon? Ikisema kweli, munaifuta?"

Nikamwambia wetu alikuwa sista. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia.

"Papa Désiré, na mbele ya kuwa sista, alipokuwa musichana? Wewe si ulikuwa unanyonya?"

Nikavua kofia, maana ni kweli nilikuwa nanyonya.

Sasa ndoa imesimama. Anaclet bado anakuja jioni, lakini anakaa kwenye ukingo wa kiti kama amekuja kusoma mita ya maji. Mignonne hacheki. Maman Régine ameacha mlango mmoja tu wazi: mtu wa kule nyumbani Butembo amwonyeshe Kasoki wawili, ataamini wawili.

Unisalimie mke wako Frida, na mwanao Bienaimé asiyejua kuandika barua. Mungu awape mvua ya usiku na jua la mchana.

Sasa, unakumbuka maracuja, yale matunda ya bustani ya padri? Uliyala wewe, fimbo nikala mimi, na jina lako sikulitaja. Sijawahi kudai. Leo nadai kidogo. Felician anayekuletea barua hii ana simu yenye kamera. Mpande pikipiki mpaka kaburi la dada kule kwa masista, kisha mpaka la yule wa pili, ambalo Anaclet anasema liko nyuma ya parokia yao. Apige picha misalaba yote miwili, majina yasomeke, na wewe usimame kando kama shahidi.

Ila ufunge mdomo, ndugu. Maman Régine akiyaona meno hayo, atasema ukoo huu haufai kabisa.

Wako akupendaye na kukungoja,
Désiré