Picha ya Jicho Langu Uliyoiona Wewe

Mke mwenzangu, dada Somoe,

Jana jirani yetu Bi Mwajuma alipita uani akaita kama kawaida yake, "Hodi, mmeamkaje humo ndani?" Nikamjibu, "Tumeamka salama." Kisha akaenda zake. Ndimi zetu hazijazoea kwamba nyumba hii imebaki na mtu mmoja.

Miaka yote bwana wetu alipokuwa hai, mimi na wewe tuliishi kama wapangaji. Wewe na jiko lako, mimi na langu. Mungu hakutujalia mtoto, si wewe si mimi, kwa hiyo hapakuwa hata na wa kumtuma kati yetu. Alipofariki tukakaa eda chumba kimoja, tumegeuziana migongo.

Tulipotoka eda, jicho langu la kulia likaanza kupiga cheche, hata nikilifumba. Yakaja masizi yanayoelea, halafu kivuli kikawa kinapanda kutoka chini, kila siku kinazidi, kama maji yanayojaa. Nasuka mkeka, nusu ya mkeka siioni. Na kijiji chetu cha Mchinga unakijua. Watu wakasema bi mkubwa kamroga mdogo.

Ukaja mlangoni kwangu, buibui umeshavaa.

"We Hawa, jiandae. Twende Lindi."

"Kufanya nini?"

"Watu wanasema nimekuroga. Basi daktari aangalie ndani ya hilo jicho. Akinikuta mimi humo, anitoe."

Tukapanda lori la mbata za nazi. Barabara ile ilivyokuwa na mashimo, ukanishika kichwa kwa mikono yako miwili njia nzima. Sikumbuki kama uliwahi kunigusa kabla ya siku ile.

Hospitali kulikuwa na daktari wa macho, Mzungu aliyekuwa akizunguka Jimbo la Kusini. Alinitia dawa ya matone, akafunga madirisha, akanisogelea na kioo kidogo chenye taa mpaka nikasikia pumzi yake. Anatazama, anachora. Anatazama tena, anachora. Msaidizi wake, dresa wa Kimwera, ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Alisema nyuma ya jicho kuna utando mwembamba, kama ule wa ndani ya gamba la yai. Wangu umechanika mahali, maji yamepenya, utando umebanduka. Daktari anaweza kuuchoma kwa chuma cha moto ushike tena, lakini lazima ajue ulipochanika. Akichoma mahali pengine, ni kazi bure, na jicho limekwenda. Na siku ile hakupaona, maana utando ulikuwa umevimba na kujikunja.

Nikalazwa chali bila mto, macho yote mawili yamefungwa, nisiinue kichwa hata kwa kula, ili utando utulie. Nikajua sasa nimeingia kaburini. Ndipo nikasikia sauti yako ikimwambia dresa, "Hiyo karatasi nionyeshe na mimi. Mimi ndiye niliyesemwa."

Ukaja kuniinamia sikioni. "Ni duara, Hawa. Lina rangi nyekundu, na mishipa kama mizizi ya mkoko. Juu kote kapaka buluu. Buluu ndiyo palipobanduka. Dresa anasema jicho hupindua: pakibanduka juu, kivuli hukiona chini."

Kila alipochora upya ulikwenda kutazama, ukarudi kunipa habari. Buluu imepungua. Buluu imebaki kipande. Ukaninywesha uji kwa kijiko, ukanifuta, ukaniambia jua limefika wapi. Na kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine, tukaanza kumwongelea bwana wetu. Ulipoigiza alivyokuwa akikoroma, kisha akiamshwa anadai alikuwa anasoma dua, nilicheka mpaka kitanda kikatikisika, na muuguzi akaja mbio kukugombeza. "Mama, unataka kumpofusha mwenzako?" Ukamjibu, "Mwanangu, hilo nimeshaambiwa kwetu."

Kisha asubuhi moja uliingia unakimbia, nikazijua ndala zako. "Kapaona! Pamechanika kama mwezi mwandamo, pale juu karibu na pembe. Kapachora kwa wino."

Walinichoma, na ile karatasi uliambiwa ilitundikwa mbele ya daktari muda wote. Nikalala chali tena. Walipofungua kitambaa, daktari akaniuliza naona nini.

"Namwona bi mkubwa amevaa kanga yangu."

"Zangu zimechafuka zote kwa kukuhudumia," ukasema, kisha ukatoka nje haraka. Dresa alikuja kuniambia baadaye kwamba ulisimama ukutani ukilia.

Kivuli kidogo kilibaki kwa chini, lakini uzi niliutunga kwenye sindano mwenyewe. Tuliporudi, ulikwenda kisimani saa ambayo wanawake wamejaa, ukatua ndoo. "Jicho la Hawa nimeliona mimi mpaka ndani kabisa. Uchawi haumo." Toka siku ile tukapika jiko moja.

Dada, homa ilikuchukua upesi mno. Hukunipa hata nafasi ya kukuuguza kama ulivyoniuguza. Nilikuosha, nikakusuka nywele, na watu wakanipa pole kama mtu aliyefiwa na nduguye wa tumbo moja. Sasa napika chakula cha watu wawili na kumwaga cha mmoja.

Ninalotaka kukwambia ni hili. Jicho la kushoto nalo limeanza cheche. Tangu juzi naona masizi. Sijamwambia mtu, maana wa kumwambia ni wewe. Lori linaondoka kesho alfajiri, na nimeshafunga kanga zangu. Nitakwenda, dada, usihofu. Chuma cha moto sikiogopi. Ila watanilaza tena chali na kunifunga macho yote mawili, na humo gizani sijui nani ataniambia kumekucha.

Lala kwa amani ulipo, na mimi niombee nilipo.

Mke mwenzio,
Hawa